Boti Iliyoitwa Kikokotoo

Mama yangu alikuwa akisema Mungu alinipa miguu akasahau kunipa makalio. Hakukosea. Miaka thelathini na minne nilifundisha darasa la kwanza na la pili nikiwa nimesimama, kwanza Umwe, kisha huku Mbwera, na hata kwenye vikao vya walimu nilikuwa naegemea dirisha. Napika nikizunguka, naongea na simu nikizunguka. Kwa hiyo mtu asinishangae nikisema kwamba mume wangu alipofariki, kilichoanza kunitesa hakikuwa huzuni. Kilikuwa kukaa.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Kwetu inakaliwa sawasawa: hutoki, hujipambi, hujipaki manukato. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwangu siku ya tatu na godoro lake na birika lake, akaweka mkeka kwa ndani ya mlango, akawa mlinzi. Nampenda yule mwanamke, lakini ana macho ya mkaguzi wa shule. Nikisimama, "Unakwenda wapi?" Nikikaa, "Mbona umekaa hivyo?" Kutoka kitandani mpaka dirishani chumba changu kina hatua saba. Nilizihesabu mpaka zikanichosha, kisha nikazihesabu tena.

Siku ya sabini na mbili ukaingia ujumbe kwenye simu, umetumwa na mwalimu mwenzangu anayekaa Kibiti. Maofisa wa mfuko wa pensheni watakuwa Kibiti siku mbili, Jumatano na Alhamisi, kuhakiki wastaafu. Kila mstaafu afike mwenyewe na kitambulisho, aweke kidole kwenye mashine, aonekane yu hai. Asiyefika, pensheni yake ya mwezi itasimamishwa.

Nikausoma kwa sauti. Wifi akauliza, "Si watakuja tena?"

"Mwakani."

"Basi utahakikiwa mwakani."

"Na mpaka mwakani nitakula nini, wifi? Kuta hizi?"

Alijua kama nilivyojua. Mume wangu hakuwahi kuwa na mshahara; alikata boriti za mikoko mpaka vibali vikawa shida, akahamia kwenye samaki na mpunga, na mwisho akawa na boti ambayo ilikuwa ikijilipia mafuta tu. Sasa hayupo. Pensheni ile ndiyo mchele wangu na dawa zangu za presha. Kidole changu kisipogusa mashine Jumatano au Alhamisi, hakuna kitu kingine kinachoingia mlango ule.

Na pensheni hiyo hiyo ndiyo iliyonigombanisha na marehemu, kwa hiyo acha niieleze.

Mtumishi wa serikali akistaafu, mafao yake hayatoki yote. Sehemu unalipwa papo hapo, huo ndio mkupuo. Iliyobaki unapewa kidogo kidogo kila mwezi mpaka uingie kaburini. Kanuni inayogawa sehemu hizo mbili ndiyo kikokotoo, neno ambalo sidhani kama kuna mwalimu nchi hii anayelisikia akabaki ametulia. Waliotutangulia walichukua nusu kwa mkupuo. Sisi, sheria ilipobadilika, tukafungiwa kwenye theluthi. Katika semina moja pale Kibiti, afisa mmoja mwenye tai alitueleza kwamba fedha ile haikukatwa kodi wakati tunaichangia. Tulipewa unafuu huo ili itutunze uzeeni, siyo ili tuile kwa siku moja, ndiyo maana kuna ukomo. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, nimelea watoto watano, na nimefundisha vijiji viwili kushika penseli. Leo serikali inaona siwezi kushika pesa yangu mwenyewe?" Ukumbi ukapiga makofi. Yeye akatabasamu, akafungua ukurasa mwingine.

Nilipiga kelele pale, lakini maji yalikuwa yameshamwagika nyumbani. Miaka miwili kabla sijastaafu, mume wangu alikwenda Nyamwage kumtembelea mwalimu mstaafu, rafiki yetu, aliyejenga nyumba ya bati la rangi kando ya barabara ya Lindi kwa mkupuo wake. Akamuuliza alipata ngapi. Mshahara wake na wangu ulikuwa unalingana. Basi akairudisha hesabu ile kichwani mwake kama ilivyo, asiniulize mimi mwenye mkupuo, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa boti. Huku kwetu mtu hasubiri pesa ikamilike ndipo aanze boti. Unaanza na mbao, pesa itakukuta njiani. Akauza mpunga wa misimu miwili, akanunua mti wa mkuku, ule wa chini unaobeba boti nzima, ukalazwa ufukweni kwa urefu wa boti inayotaka mashine ya farasi arobaini.

Ukomo wa theluthi ulipotangazwa, mkuku ulikuwa bado peke yake mchangani, mataruma, zile mbavu za boti, hayajapandishwa. Fundi akamwita. Akamwambia, mzee, bado mapema, tuukate, tuunde boti ndogo inayolingana na mashine mtakayopata. Mume wangu akakataa. Habari zikanifikia kisimani, na siku hiyo nilirudi nyumbani ndoo nusu.

"Hiki ni kiburi," nikamwambia. "Unataka boti ya mwenye pesa, na pesa huna. Huna wewe, ninayo mimi, na mimi mwenyewe nimepewa theluthi."

"Boti haikatwi," akasema. Basi. Mwanamume yule maneno yake yalikuwa yanatoka kwa kibali.

Miezi ile ya kuunda boti alikuwa mtu wa kupimapima tu. Alipima mlango, alipima kitanda, alipima tenga la samaki. Mchana mmoja nimejilaza baada ya adhuhuri, nikahisi kitu kwenye nyayo. Nikafumbua macho, nikamkuta amechuchumaa miguuni pangu na kamba mkononi, ncha ya pili iko juu kichwani kwangu, ameibana chini ya mto. Niliruka kama niliyeona nyoka. Kwetu anayepimwa kwa kamba akiwa amelala ni mmoja tu, yule anayechimbiwa.

"Unanipima kaburi?"

"Napima mkeka," akasema. Akaikunja kamba, akaitia mfukoni, akatoka. Wiki nzima sikulala mchana.

Mkupuo ulipoingia ulitosha mashine ya farasi kumi na tano, tena iliyotumika. Boti ikashushwa majini kubwa kama ghala, na nyuma yake imening'inia mashine ile kama kipini puani. Maji yakienda nayo, ilikwenda vizuri tu. Maji yakiwa kinyume, ilisimama pale pale inanguruma, huku mti ule ule wa mkoko uko ubavuni pako. Wiki haikuisha watu wa Mbwera wakaipa jina: Kikokotoo. "Leo unapanda ipi?" "Napanda Kikokotoo, sina haraka." Na kama hilo halitoshi, katikati ya boti hakuweka mbao za kukalia. Paliachwa uwazi mtupu, nafasi ya abiria sita, wanapanda wanaweka magunia na kuku. Nikamuuliza sababu, akasema ni ya mizigo. Nikaapa. Nikasema wallahi, mguu wangu hautakanyaga chombo hicho.

Na sikukanyaga. Mwaka mmoja na miezi miwili nilikwenda Nyamisati kwa boti za watu. Tulikuwa tunampita njiani, yeye kasimama nyuma ameshika usukani, boti imesimama, mashine inalia. Ananipungia mkono. Mimi natazama mbele. Hilo ndilo nililokuwa nalipigia hatua saba kila siku, kwenda na kurudi, wifi akidhani ni miguu tu. Mume wangu alianguka alasiri moja, presha, na hata kituo cha afya hakufika. Mimi niliyemwambia kiburi sikupata siku ya kumwambia neno jingine.

Jumanne asubuhi nikamwomba wifi amwite maalim wa madrasa. Akaja, akakaa barazani, pazia kati yetu. Nikamweleza. Akauliza swali moja: "Hakuna mtu anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako?"

"Wanataka kidole, maalim."

"Kidole hakina wakala," akasema. "Mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja isiyo budi. Lakini usiku ulale nyumbani mwako. Usilale Kibiti, usilale njiani."

Wifi akakubali kwa masharti, maana yule hakubali kitu kitupu. Tutakwenda wote. Hatutapanda boti ya abiria iliyojaa wanaume. "Utapanda ya mumeo. Shemeji yako ataendesha, na mimi nitakaa kati yenu."

"Nimeapa, wifi."

"Utafunga siku tatu, kafara ya kiapo. Ulipoapa mdomo ulikuwa wako, na kufunga utafunga wewe."

Jumatano tukatoka baada ya swala ya alfajiri. Maji yalikuwa yanajaa, yanapanda kuelekea bara, yakatubeba. Nikapanda kwa kutanguliza mguu wa kulia na hasira zangu zote. Nikakaa mbele kabisa, nimeupa mgongo ule uwazi wa katikati ili nisiuone. Shemeji, mdogo wake marehemu, alikuwa na adabu ya kutosha kutazama mashine tu.

Tulipofika kwenye kona moja ambapo mto unabana, wifi akanyoosha kidole. "Hapa ndipo."

Najua ni hapa. Mtoto wangu wa tatu nilimzaa kwenye kona ile, ndani ya mtumbwi, tukijaribu kuwahi hospitali. Mume wangu alikuwa anasukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, wifi ndiye aliyempokea mtoto. Mtumbwi wenyewe mwembamba, huwezi kujinyoosha, huwezi kugeuka, magoti yangu yamegusa kidevu saa zote zile mpaka nikadhani nitapasuka mgongo. Mtoto alitoka salama, yuko Dar es Salaam sasa, ni muuguzi. Kisa hiki nimekisimulia kila mwaka kwa walimu wapya, na kila mwaka kinawavunja mbavu, maana naigiza jinsi nilivyokuwa nimekunjwa kama nguo kwenye sanduku. Mume wangu akiwepo alikuwa hacheki. Alikuwa anainuka, anakwenda nje kuangalia kuku. Nilidhani hapendi habari za uzazi zisemwe mbele za watu.

Kibiti tulifika saa nne. Foleni ilikuwa imezunguka jengo, wazee watupu, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani. Tuliokuwa walimu tulijuana kwa kukosoa foleni. Wengine waliwekewa viti. Mimi nilisimama, nikatembea, nikarudi, nikatazama jua. Saa ya kurudi ilikuwa inanikaba. Kila aliyeingia ndani nilimhesabia dakika. Wifi alikuwa amenishika kanga kwa nyuma kama mtu anayeogopa mbuzi wake atakula shamba la watu.

Zamu yangu ikafika saa nane kasoro. Afisa alikuwa mwanamke, mpole, amechoka. Nikaweka kidole, mashine ikakataa. Nikafuta, nikaweka, ikakataa. "Chaki hizi," akasema, "walimu wote vidole vimelika." Akanipa kitambaa chenye maji. Mara ya tatu ikapiga mlio.

"Hali ya ndoa, umeolewa. Mtegemezi wa kwanza, mume." Alikuwa anasoma kwenye kioo. "Bado iko hivyo hivyo, mama?"

Nikasema, "Bado."

Niliisikia sauti yangu. Sikukusudia uongo. Miezi miwili na nusu nimekaa eda, watu wamenipa mkono wa pole, nimelia au nimejaribu kulia, na kumbe kuna mahali ndani yangu yule mtu bado alikuwa nyuma ya boti ananipungia. Wifi akauachia ule upindo wa kanga. Akaniwekea mkono mgongoni.

"Mjane," nikasema.

Afisa akaomba cheti cha kifo, akabonyeza vitu viwili vitatu, jina likatoka kwenye kioo. Halikuchukua muda wowote. "Pole sana, mama," akasema. Kisha kwa mazoea ya kazi yake akaongeza, "Haya, uko hai."

Tukatoka. Ndani ya gari la kurudi Nyamisati nilikuwa nachemka, na sikujua nimchemkie nani. Nilichokuwa nimekwenda kukitafuta nimekipata. Mwezi ukiisha pensheni itaingia. Na nilijua, ingawa sikutaka kujua, kwamba wangenipa nusu ile tuliyoipigia kelele, nusu yote ingekuwa mashine ya farasi arobaini, na mimi leo ningekuwa mjane mwenye boti ya mbio na kijipensheni kisichotosha dawa. Hata hivyo sijamsamehe yule mwenye tai. Mtu anaweza kukufungia pesa yako, ikakusaidia, na bado akawa amekudharau.

Nyamisati tuliondoka saa kumi. Maji yalikuwa yanajaa tena, yanapanda, na safari hii sisi ndio tunashuka. Nusu saa tulikwenda. Kisha Kikokotoo ikafanya kazi yake. Mashine ikanguruma, maji yakapita ubavuni, na mkoko mmoja wenye tawi lililovunjika ukakaa mkono wangu wa kushoto, ukakaa, ukakaa. Jua lilikuwa limeshuka. Maalim amesema nilale nyumbani. Nikasimama, nikakaa, nikasimama.

"Sukuma!" nikamwambia shemeji, kana kwamba kuna kitu alikuwa amekificha.

"Shemeji, ndiyo mwisho wake."

Ubavuni kulikuwa na pondo mbili. Nikachukua moja. Shemeji akaisogeza boti kwenye ukingo ambako maji ni mafupi, nikaushindilia ule mti kwenye tope, nikasukuma. Mkoko wenye tawi lililovunjika ukarudi nyuma kidogo. Nikasukuma tena. Nikageuka, nikamwona wifi, mwanamke wa miaka sabini kasoro, amejifunga kanga kiunoni na ameshika pondo ya pili upande wa pili.

"Tazama mbele!" akanikemea. "Mwenye eda gani huyu anatweta kama punda."

Tulisukuma mpaka mikono ikafa ganzi. Sijui ni muda gani. Kisha pondo ikaanza kuwa nyepesi. Maji yalikuwa yamejaa, yamesimama. Baadaye kidogo majani yaliyokuwa yanaelea yakageuka, yakaanza kushuka na sisi. Shemeji akacheka peke yake kule nyuma. Jua lilikuwa bado halijazama, na kutoka pale mpaka Mbwera maji yangetubeba yenyewe.

Miguu yangu ikakataa. Kwa mara ya kwanza maishani, kwa kweli ikakataa. Wifi akaniona. Akatandika kanga yake ya pili kwenye ule uwazi wa katikati, palipokosa mbao za kukalia.

"Njoo ulale hapa."

"Nitakaa."

"Lala. Jinyooshe."

Nikalala chali. Nikajinyoosha kwa woga, kama mtu anayejua atagonga ubao. Sikugonga kitu. Kichwa kilikuwa na nafasi, na miguuni, baada ya nyayo zangu, palibaki upana wa kiganja kimoja mpaka kwenye taruma. Nikavuta pumzi. Nikaikumbuka ile kamba.

"Wifi," nikasema. "Alipima."

"Alipima," akasema. Alikuwa amekaa kando ya kichwa changu, anajipepea na upindo wa kanga. "Niligombana naye, unampimaje mtu aliye hai. Hata fundi alimwambia akate mkuku, pesa ni ndogo. Ndugu yangu akamwambia, ukikata hapo, huo uwazi utapotea. Mke wangu nimemkunja mara moja kwenye mtumbwi, simkunji tena."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia saa ngapi? Wewe ulikuwa unasema."

Nililia pale chini, kilio chenye sauti, kile ambacho watu walikisubiri siku ya mazishi hawakukisikia. Shemeji akapunguza mashine. Wifi akanifunika uso kwa ule upindo ili nisionekane, na akaniacha. Nikalala hivyo hivyo, miguu imenyooka, mpaka Mbwera.